Uanachama wa Maisha wa Bi Ardith

Harlan Ogletree hakuwahi kulala kambini hata usiku mmoja, na hakuona kwa nini jambo hilo limzuie kuwauzia wengine kambi. Wazo lilimjia kwenye kituo cha mafuta nje ya Yuma, Arizona, mwezi wa Januari, akiwa na kahawa mkononi. Magari-nyumba yalikuwa yakipita kuelekea jangwani, marefu kama mabasi, yenye vitanda, jiko na choo ndani, kila moja likiendeshwa na mstaafu aliyekimbia theluji ya kwao kaskazini. Mbele yake kwenye kaunta, mzee na mkewe walikuwa wakishauriana kwa sauti ya chini kama wachukue karanga za mfuko mkubwa au mdogo, maana mkubwa ungewaokolea senti arobaini. Wakachukua mkubwa, wakarudi kwenye gari lililogharimu kuliko nyumba. Harlan aliwasindikiza kwa macho, moyo ukimlainika. Watu wenye gari la bei ya nyumba wanaohangaikia senti arobaini ndio watu aliokuwa akiwatafuta maisha yake yote.

Jioni hiyohiyo klabu ikazaliwa. Ada ilikuwa dola mia mbili kwa mwaka, na mwanachama angelala kwa nusu bei katika mamia ya kambi nchi nzima. Kambi zenyewe zilikuwa za kweli kabisa. Kasoro moja tu, hazikuwa na habari kwamba zimejiunga. Ili kujikinga na lawama, Harlan aliweka masharti. Punguzo halitumiki Ijumaa wala Jumamosi, wala sikukuu, wala majira ya baridi huku kusini, wala majira ya joto kule kaskazini, na siku zinazobaki ni mpaka mwenye kambi aridhie. Masharti hayo aliyanakili neno kwa neno kutoka klabu halali, na tangu siku hiyo akaanza kuiheshimu sana biashara halali.

Alichagua kuanzia kambi ya Palo Seco, ambako kila Alhamisi asubuhi wakazi hukusanyika ukumbini kwa kahawa na donati. Mgeni husimama akataja jina lake, anakotoka, na gari analoendesha. Harlan, koti limenyooka na nywele zimelala, alisema ana gari la futi arobaini, lakini liko gereji Tucson. Wakatikisa vichwa kwa huruma, kwa kuwa hakuna mtu pale ambaye gari lake halijawahi kuwa gereji. Kisha akamwaga maneno. Alizungumzia machweo, uhuru wa barabara, na jinsi nchi ilivyowasahau wazee wake kwenye suala la bei za maegesho. Bibi mmoja alijifuta machozi.

Hata hivyo, hakuna aliyefungua pochi. Kila mmoja alikuwa akimtazama bibi aliyeketi safu ya mbele akifuma soksi. Huyo alikuwa Bi Ardith Kolstad, mjane kutoka Bismarck, Dakota Kaskazini. Mzee Orval Fenske, aliyekaa karibu na birika la kahawa, alimnong'oneza Harlan kwamba pale hakuna anayenunua hata taa ya tochi kabla Ardith hajatoa neno.

"Ardith akiingia, tumeingia wote," alisema. "Akikataa, bora urudi kwenu."

Bi Ardith alishusha soksi.

"Mwanangu, gari la futi arobaini si mchezo," alisema. "Hebu nisaidie mimi mama mzee. Ukifika mahali pa kumwaga maji machafu, unaanza kufungulia tangi lipi? La choo, au la maji ya sabuni?"

Harlan alikuwa ameishi kwa kujibu maswali asiyoyajua, na siri yake ilikuwa kutochelewa. Akafikiri kwamba mtu nadhifu lazima aanze na kilicho safi.

"La sabuni, mama. Siku zote naanza na la sabuni."

Ukumbi ukanyamaza. Mtu mmoja aliirudisha donati yake kwenye sahani. Mzee Orval alianza kuchunguza dari kwa makini sana. Harlan alikuwa amewahi kusababisha kimya cha namna hiyo mara chache tu, na kila mara alikitafsiri kuwa heshima.

"Ahaa," alisema Bi Ardith, akaokota soksi yake. "Njoo kwangu ule chakula cha jioni, mwanangu. Tuzungumze."

Alimkuta ameandaa bakuli la nyama ya kusaga iliyofunikwa kwa viazi vya kuoka, kama wanavyopika kwao. Gari lake lilikuwa la zamani lakini linang'aa. Ukutani kulikuwa na picha ya marehemu mumewe, Vern, amesimama mbele ya lango la magogo lililoandikwa Misonobari Minane. Bi Ardith alimpakulia, akampakulia tena, kisha akaanza kueleza kilichokuwa kikimsumbua.

Klabu ya Harlan aliipenda, alisema, tena watu arobaini wa kambi ile walikuwa wakingoja neno lake. Shida ni kwamba tayari alikuwa na uanachama mwingine, wa kambi ya Misonobari Minane. Vern aliununua zamani, wakiwa bado vijana, kwa dola elfu nane, na ulikuwa wa maisha. Sasa yeye peke yake hakuwa na haja na klabu mbili. Ili aingie ya Harlan, ingebidi amkabidhi mtu ile ya Vern.

"Wa maisha?" aliuliza Harlan. Uma wake ulikuwa umesimama hewani.

"Wa maisha. Na unarithishwa. Siku hizi hawauzi tena wa aina hiyo."

Harlan alijitahidi kumeza kiazi. Kama kitu kilikuwa elfu nane enzi zile, leo kitakuwa kiasi gani? Ishirini? Thelathini? Na mbele yake ameketi bibi anayetaka kukivua kama koti la mwaka jana. Alisema, kwa upole mwingi, kwamba ili kumwondolea mzigo angekuwa tayari kuubeba yeye mwenyewe.

"Sijui," alisema Bi Ardith. "Vern alikipenda kile kitu. Siwezi kumpa mtu yeyote tu."

Hapo Harlan akafanya kazi ambayo hajawahi kuifanya kwa ustadi kama ule. Alisifu lango la magogo. Alimsifu Vern. Alisema marehemu baba yake naye alikuwa mtu wa kambi, ilhali baba yake alikuwa hai, fundi wa saluni, na aliogopa mende. Bi Ardith alilegea polepole sana, na alipolegea ilikuwa dola elfu moja na mia mbili taslimu, pamoja na ada ya uhamisho juu ya Harlan. Alizitoa papo hapo, akijizuia kutabasamu.

Mzee Orval, ambaye kumbe bado alikuwa kamishna wa viapo, aliitwa aje na muhuri wake. Akaomba leseni ya udereva. Harlan alikuwa nazo nne. Alisita kidogo tu. Mali ya thamani namna hii lazima iwe kwa jina litakalostahimili uchunguzi wa mnunuzi. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mfukoni mwake ikatoka ile ya kweli: Dewey Stumpf, anuani ya nyumbani kwa mama yake, Tulsa. Mama huyo aliamini kwamba mwanawe anauza bima.

"Jina zuri," alisema Mzee Orval, akagonga muhuri.

Asubuhi wakazi wa Palo Seco walimtumia Harlan ujumbe kupitia kwa bibi aliyelia. Walikuwa wamekaa, wamepiga hesabu, wameangalia masharti, na wameona haifai. Hakuumia hata kidogo. Aliwatakia heri, akaketi garini, akapiga simu ofisi ya Misonobari Minane kuuliza uanachama wa maisha unauzwaje siku hizi.

Binti aliyepokea alikuwa na sauti ya asali. Alimpongeza Bwana Stumpf kwa kujiunga na familia. Akamweleza kwamba ada ya mwaka huu ni dola elfu moja na mia nne, na ya mwakani itapanda, kwa kuwa kila mwaka hupanda. Hapana, uanachama wa maisha haufutwi. Hapana, hata asipofika kambini. Ndiyo, angeweza kumhamishia mtu mwingine, kama akimpata. Wanachama wengi wanautangaza kwa dola moja, wengine wanaongeza jokofu la kubebea, na bado hawapati wa kuuchukua. Akichelewa kulipa, deni hupelekwa kwa wakusanyaji madeni, ambao ni hodari mno. Barua zote zitafika Tulsa kwa mama.

Dewey Stumpf alirudi Palo Seco akiwa amepauka. Bi Ardith alikuwa nje ya gari lake, glavu mkononi, akikunja bomba la maji machafu.

"Umenitapeli," alisema Dewey. Sauti ilimtoka nyembamba kuliko alivyokusudia. "Mtu mzima kama wewe. Nitaenda polisi."

"Nenda, mwanangu. Sherifu yuko mjini, karibu na posta. Utamwambia ni Harlan anayelalamika, au Dewey?"

Dewey aliugusa mfuko wenye leseni zake nne.

"Tangi la choo ndilo la kwanza," alisema Bi Ardith, bila ukali. "Halafu la sabuni, ili lisafishe bomba. Mtoto mdogo aliyelala kambini wiki moja analijua hilo. Pale ukumbini wote tulijua wewe ni nani kabla kahawa haijapoa."

"Sasa kwa nini hukuniita mwizi palepale?"

Bi Ardith alivua glavu. Alisema tangu Vern afariki, kitu kile kilikuwa kikila pensheni yake, na usiku alikuwa akilala macho akifikiri kwamba akifa kitamwangukia binti yake, mwenye watoto watatu na kazi ya shuleni. Watu wa kukipokea walijitokeza, wanandoa vijana wenye macho ya matumaini. Kila mara aliwapikia, kila mara akashindwa kuwabebesha.

"Miaka tisa nimetafuta mtu ambaye nikimpa bado nitalala usingizi," alisema. "Halafu ukaingia wewe, umevaa koti."

Akaingia ndani, akatoka na bakuli la viazi vilivyobaki, limefunikwa kwa karatasi ya fedha, akamwekea mikononi. Alimshauri aende Misonobari Minane yenyewe, kwa kuwa ameshailipia. Mwezi wa Machi ni pazuri, alisema. Ila asifike Ijumaa wala Jumamosi, hizo siku wanachama wa maisha hawaruhusiwi.

Dewey alikaa garini muda mrefu, bakuli mapajani. Kisha akatafuta kalamu akaanza kupiga hesabu ni siku ngapi kwa mwaka itambidi alale kambini ili kitu kile kianze kumlipa. Aliirudia mara mbili, kisha akaenda dukani kununua hema. Walikuwa wanaliuza kwa punguzo, na alisoma masharti yote kabla ya kulipa.