Rula na Mashine Nyekundu

Mtu akikuambia jicho lake halikosei, kagua kwanza vifungo vya shati lake. Rula alikuwa amefunga vyake kombo tangu asubuhi, na bado alisimama katikati ya yadi ya mitambo, jicho moja amelifumba, anaipima dunia!

Jina la Rula alijipa mwenyewe. "Futi ya nini?" alipenda kusema. "Jicho langu hili ni rula!" Watu wakalipokea jina, ila hawakuweza kulitamka bila kucheka.

Siku hiyo jicho lilikuwa na kazi nzito. Baba mkwe wake alikuwa na shamba la miti, safu kwa safu, imebanana mpaka inanyang'anyana jua. Mzee akaamua kuipunguza. Alipita na kopo la rangi nyekundu, akapaka doa kila mti dhaifu, na amri yake kwa wakataji ilikuwa fupi: "Wenye doa, chini. Usio na doa, msiuguse." Hiyo isiyo na doa aliipanda mwaka aliozaliwa bintiye, mke wa Rula, na kila asubuhi aliijulia hali kama watu.

Kilichokosekana ni mashine ndogo ya kuzolea magogo, yenye tela na mkono wa chuma, ya kupita katikati ya safu bila kuiumiza miti inayobaki.

"Nenda ukachague," mzee alimwambia Rula. "Ukichagua vizuri, usimamizi wa shamba ni wako, na ile nyumba ya msimamizi pia."

Nyumba! Miaka mitatu sasa Rula na mkewe walikuwa wanalala kwenye stoo ya ukweni, kitanda kimepakana na magunia ya mbolea. Mke alikuwa ameshashona mapazia. Ndiyo maana alimfuata mumewe mpaka yadi, futi mkononi.

Mashine zilikuwa mbili. Ya kwanza ya kijani, nyembamba, imejikalia kimya kama mtu asiyetaka ugomvi. Ya pili nyekundu, pana, inametameta! Muuzaji alikuwa ameipaka rangi upya jana yake tu.

Mke alipima zote mbili. "Nafasi kati ya safu na safu ni mita mbili na kidogo," alisema. "Ya kijani ina mita moja na nusu. Hii nyekundu ina mita mbili na kidogo."

"Umeona? Zinalingana!"

"Ndiyo tatizo, mume wangu. Zinalingana."

"Sasa msimamizi mzima nipande kitoroli? Hiyo ya kijani ikiingia kwenye majani tutaitafuta kwa tochi! Nyekundu ndiyo rangi ya uongozi." Akaiegemea kwa madaha.

"Rangi haijakauka vizuri, bosi," muuzaji alisema.

Rula akajibandua. Suruali yote nyuma ilikuwa imepata uongozi.

"Itakaukia kazini!" akasema. Mke aliitazama suruali, akaitazama mashine, akaikunja futi yake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kesho yake mchana mashine ikaingia shambani. Wakataji walikuwa wameanzia mwisho wa shamba, kwa hiyo ili kuyafikia magogo ilibidi kupita kwanza kwenye miti iliyosimama. Rula akapiga honi, akaingia.

Kwaru! Kulia. Kwaru! Kushoto.

"Inapenya kama sindano!" alipiga kelele.

Kwaru! Akaenda kwa safu moja, akarudi na mzigo kwa safu nyingine, jua linazama. Akashuka kukagua. Hakuna gome hata moja lililochubuka! Mashina yalionekana mekundu kidogo, lakini jicho likatoa hukumu papo hapo: jua la jioni hilo. Akaenda kulala kwenye stoo, kwa mara ya mwisho, kama alivyomwambia mkewe.

Asubuhi hakupita shambani. Alikwenda kwa fundi cherehani kuchukua kofia aliyoagiza, imedariziwa mbele: MSIMAMIZI.

Aliporudi saa sita, kitu cha kwanza alichoona ni mbingu. Mbingu nyingi mno!

Fundi wa msumeno alikuwa anajifuta jasho. "Bosi, leo mzee katupa kazi! Safu nzima nzima zina doa. Mingine ina madoa mawili, tukaona hii kaichukia kweli, tukaanza nayo."

Mzee alikuwa ameshafika na bintiye. Aliinama, akakipapasa kisiki kimoja polepole.

"Huu niliupanda siku uliyozaliwa," akamwambia binti. Binti hakujua acheke au alie. Akaanza na kulia.

Mzee akaiendea mashine. Ubavuni, rangi ilipokwanguka, chini yake ilikuwa ya kijani.

"Baba," Rula alijikaza, "tuangalie upande mzuri. Sasa itapita bila kugusa."

Mzee akaomba kopo lake la rangi. Akamvua Rula ile kofia, taratibu kabisa, akamvisha bintiye, na funguo za nyumba akamwekea mkononi. Kisha akachovya brashi, akampaka Rula doa moja kubwa katikati ya kifua.

Fundi wa msumeno akalitazama doa. Akamtazama mzee.

"Mzee, amri ni ileile?"

"Ileile."

Msumeno ukanguruma. Rula akatimka katikati ya visiki, kwa njia pana aliyoifungua mwenyewe, na safari hii hakugusa kitu, si kulia wala kushoto.