Mnada wa Kuku kwa Ajili ya Vumilia

Jumanne, 3 Julai 2001. Butembo.
Daktari Gustave amempima Vumilia. Mbwa wangu ana miaka kumi na mitatu, na tumboni ana uvimbe mkubwa kama parachichi. Usipotolewa mwezi huu, atakufa. Daktari huyu wa mifugo ni mtumishi wa serikali kutoka Kasai. Hajapata mshahara tangu vita vianze, lakini atapasua bure. Namshukuru. Ila dawa ya usingizi na nyuzi hutoka Uganda kupitia mpaka wa Kasindi: dola thelathini. Sina. Pensheni ya mwalimu imekuwa hadithi ya kale.

Marehemu mke wangu ndiye aliyempa jina. Vumilia hawabwekei askari kamwe. Ndiyo sababu sisi wawili tungali hai.

Jumatano, 4 Julai.
Nilipeleka barua kwenye shirika moja la misaada. Kurasa tatu, bila kosa hata moja. Karani alisema wao husaidia waliokimbia vita. Nikamjulisha kwamba Vumilia amekimbia mara mbili. Akauliza kama ana kadi.

Jirani yangu Syauswa, tuliyefundisha naye miaka thelathini, alinikuta barabarani akacheka mbele ya watu. "Mwalimu, na vita hii, mutu gani anapasulisha imbwa?" Nilimwinulia kofia kwa heshima, nikaenda zangu. Heshima yangu, si yake.

Ijumaa, 6 Julai.
Nimepata mpango. Jumapili kuna mnada wa mavuno baada ya Misa. Kwetu, anayenunua kitu mnadani aweza kukirudisha kiuzwe tena, ili mchango ukue. Nimewahi kuona kabichi moja ikiuzwa mara sita. Padri amekubali kuku wangu auzwe mwishoni, mradi niseme wazi kwamba fedha ni za mbwa. Namshukuru padri.

Binti yangu Virginie aliuliza mimi nitafanya nini pale. Nikasema nitasimama tu. Akasema, "Baba, kweli usimame tu."

Jumapili, 8 Julai.
Ushindi. Mama Orpa, muuza maharagwe, alimnunua kuku kwa dola tano akamrudisha. Mungu ambariki. Kisha Syauswa akasimama na koti lake la harusi, akataja kumi. Kumi! Nilijua nia yake: amle kuku wangu, kisha anisimulie. Nikataja kumi na moja. Yeye ishirini. Mimi ishirini na moja. Yeye ishirini na tano. Mimi ishirini na sita. Akaketi. Katekista Kasonia aligonga meza, watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nimembeba kuku, kichwa juu.

Wakati wa chakula Virginie alinieleza, polepole, kwamba nimemnunua kuku wangu kwa fedha nisizo nazo, na kwamba ningejilipa mwenyewe. Tano za Orpa na ishirini na tano za Syauswa zingetimia thelathini. Nilihesabu upya kwa kalamu. Ni kweli.

Vumilia hakula.

Jumatatu, 9 Julai.
Syauswa alikuja kabla ya kahawa, dola ishirini na tano zimefungwa katika leso. "Nilikuwa napandisha bei juu ya kusaidia imbwa yako, mwalimu. Kuku ningemurudisha. Lakini wewe ukakaza kichwa." Alinikumbusha tulipokimbilia Kalunguta: Vumilia alilala akimpasha joto mjukuu wa Syauswa siku nne za mvua. Sikuwa nimesahau. Nilidhani yeye amesahau. Nilimshika mkono muda mrefu, kisha nikammiminia kahawa.

Alhamisi, 12 Julai.
Daktari alifika kwa miguu kutoka Rughenda. Askari "wameazima" pikipiki yake. Alipasua juu ya meza yangu ya kulia chakula. Syauswa alishika miguu, mimi kichwa. Sikutazama. Adhuhuri Vumilia alifumbua jicho moja, akanitambua.

Namshukuru Daktari, Mungu, Orpa na Syauswa, kwa mpangilio wa alfabeti.

Jumapili, 15 Julai.
Syauswa huja kila siku na mfupa. Leo Vumilia amesimama kwa mara ya kwanza. Alitembea hatua sita, akanipita, akaenda kulamba mkono wa Syauswa. Mzee yule alilia. Nami nilifurahi, nikamsindikiza hadi barabarani, nikamshukuru kwa sentensi kamili.

Alipokata kona nilimwita Virginie. Kesho alfajiri aende sokoni akatafute mfupa wa paja la ng'ombe, mrefu kuliko wowote Syauswa atakaoleta. Akauliza nitalipa mpaka ngapi. Nikamwambia bei yoyote, mradi mbwa atembee kuja kwangu.