Kukutana kwa Bahati, Alhamisi, Praha

Jumapili, 7 Septemba

Siku kubwa! Bibi Hiltrud ametimiza miaka sabini, na badala ya kupokea zawadi ametoa yeye. Likizo ya vuli, majani yakianza kupukutika, atatuchukua wajukuu wake wote watatu tuzunguke Ulaya kwa treni. Miji minne. Kila mtu achague mmoja, naye wake.

Fenja, dada yangu mdogo, alipiga kelele "Kopenhagen!" kabla Bibi hajamaliza sentensi. Binamu yetu Thilo alisema Amsterdam huku akitafuna. Bibi alisema Vienna, kwa ajili ya keki za huko. Mimi nikasema Praha, kwa sauti ya mtu asiyejali. Nadhani ilikuwa sauti isiyosikika kabisa, maana ilibidi nirudie, na mara ya tatu ilitoka kama king'ora.

Fenja akauliza mbona masikio yangu yamekuwa mekundu. Nikasema ni chai ya moto. Nilikuwa nakunywa maziwa baridi.

Sababu naiandika hapa tu. Jorinde atakuwa Praha! Mwezi Julai, kabla familia yake haijahama hapa Münster kwenda Regensburg, huko Bavaria, kusini mwa Ujerumani, tulikutana tukifungua baiskeli zetu nje ya maktaba. (Yangu nilikuwa nimeshaifungua. Niliifunga tena ili niifungue.) Akasema kwamba Alhamisi ya likizo ya vuli kwaya ya mama yake itaimba Praha, naye atazurura kwenye lile daraja maarufu la huko mchana kutwa, hana la kufanya. Hana la kufanya! Msichana anayesoma vitabu viwili kwa wiki akikwambia hana la kufanya, huo ni mwaliko.

Mpango ni huu: nimkute kwa bahati. Darajani, kitabu mkononi. Niinue macho taratibu. "Jorinde? Wewe? Hapa?"

Kwa hiyo siwezi kumwuliza tarehe. Ukiuliza tarehe, bahati imekufa.

Jambo dogo: likizo yetu ni wiki mbili, yaani ina Alhamisi mbili, naye alisema "Alhamisi ya likizo" kana kwamba iko moja tu. Watu wenye roho ya ushairi hawahesabu. Bila shaka ni ile ya kwanza.

Bibi alikuwa akieleza jambo refu kuhusu watu wa Bavaria. Kwamba shule zao hufunga nyuma ya wote, hivyo sisi tutapata viti vizuri kwenye treni. Bibi ana maneno mengi kuhusu watu wa Bavaria. Sikusikiliza. Nilikuwa nawaza kitabu gani kitanikaa vizuri mkononi.

Jumapili, 14 Septemba

Kikao cha kwanza, juu ya keki ya plamu. Kwa Bibi mambo huamuliwa Jumapili mezani, kwa kuinua uma. Aliyekwisha kumaliza keki yake na kuweka uma chini hana kura. Ndiyo sheria. Baba alipoteza kura zote za utoto wake kwa njia hiyo.

Nilikula kwa hadhari. Bure! Ramani imenigeukia. Amsterdam iko magharibi, Kopenhagen kaskazini, Praha mashariki. Tukipitia Kopenhagen tutaingia Praha Jumamosi. Jumamosi! Jorinde atakuwa amekwisha rudi kwao, na mimi nitakuwa mvulana tu aliyesimama darajani na kitabu.

Nilipendekeza Kopenhagen iachwe kwa sababu za kijiografia. Fenja akauliza jiografia imemkosea nini. Bibi akanitazama. Bibi alikuwa daktari wa meno, na hata leo akikutazama unafungua mdomo. Niliufungua. Hakikutoka kitu.

Lazima Kopenhagen ife.

Jumatano, 17 Septemba

Nilimwendea Fenja kwa hekima. Nikamwambia ile sanamu ya nguva wa Kopenhagen ni ndogo mno, watu wakiiona hukata tamaa. Akasema hata yeye ni mdogo na hakuna aliyekata tamaa. Nikasema kule kuna upepo. Akasema hapa Münster kuna mvua, mbona sijahama? Nikasema Budapest kuna mabwawa ya maji ya moto, watu wanaoga nje baridi ikiwapiga kichwani, wengine wanacheza drafti humo humo majini.

Akauliza maji hayo yana moto kiasi gani. Nikajua nimempata.

Halafu akasema, "Profesa, we unataka kitu. Sema."

Nikasema sitaki kitu, namtakia mema tu.

"Basi nataka chumba chako."

Chumba changu! Cha juu kabisa, chini ya paa, chenye rafu za vitabu ambazo Baba alizipigilia kwa mkono wake, na dirisha linalotazama mnara wa kanisa. Chake kimepakana na mashine ya kufulia na kimebandikwa picha za farasi kila mahali. Nikauliza mpaka lini. Akafikiri. Mpaka atakapoolewa, akasema. Ana miaka kumi na miwili.

Nimekubali. Jorinde atakapojua nilitoa nini, itamgusa sana. Ila hatajua, kwa kuwa tutakutana kwa bahati.

Jumapili, 21 Septemba

Ushindi! Kwa kiasi fulani.

Fenja alitangaza kwamba amebadili mji. Sasa ni Budapest, ambayo iko baada ya Vienna, njia moja nzuri iliyonyooka. Alitangaza akinikonyeza, hadi Mama akamwuliza kama ameingiwa na kitu jichoni. Mimi nikapendekeza tufike Praha Jumatano usiku, Alhamisi yote tuwe darajani.

Thilo akauliza kwa nini Alhamisi. Thilo ameshamaliza shule, anajifunza kazi ya kuoka mikate, na ana mabega. Ninasema hivyo bila wivu. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu makumbusho. Akasema, "Aa, binamu, makumbusho hata Ijumaa yapo. Yanakimbia?" Wote wakacheka. Bibi akanitazama. Mdomo ukafunguka, na safari hii kilitoka kitu: nikasema kwamba Alhamisi wanamuziki wote wa mji hukusanyika pale darajani.

Uongo mtupu. Nimeubuni palepale, na niliuonea fahari kwa muda wa kumeza tonge moja.

Maana Thilo aliinua uma, Bibi akainua uma, Fenja naye. Kura zote! Kisha Thilo akasema, "Basi nakuja na gitaa."

Gitaa! Thilo anajua nyimbo mbili tu, moja ya huzuni na nyingine ni ileile ikiimbwa haraka. Lakini nimeona wasichana wa mtaa wetu wakilisikia gitaa hilo. Huacha baiskeli zao zidondoke.

Ijumaa, 10 Oktoba

Shule imefungwa. Kesho asubuhi tunaondoka.

Thilo ameleta mizigo yake kwetu tangu leo jioni. Alipokwenda kuoga nililichukua gitaa na kulificha chini ya kitanda, kwenye kile chumba cha farasi. Nilipanga kusema kesho, tukiwa tumeshavuka mpaka: "Loo! Gitaa! Tumelisahau!" Niliifanyia mazoezi hiyo "loo" mbele ya kioo.

Fenja aliingia bila kubisha. Anasema chumba ni changu sasa, lakini tabia ya kuingia bado ni yake. Alikuwa anatafuta soksi chini ya kitanda.

Alilipapasa gitaa kidogo, likalia *dong*. Kisha akaniuliza kama ile baiskeli yangu ya gia saba naipenda sana.

Gitaa limerudi kwenye mizigo. Baiskeli imekwenda kwa Fenja.

Jumatatu, 13 Oktoba, Amsterdam

Mvua. Thilo alipiga gitaa ukingoni mwa mfereji na watalii wakamtupia sarafu. Alitununulia waroho sote chipsi zenye mayonezi. Zilikuwa tamu. Hilo limeniudhi.

Nilimwambia Amsterdam ni mji wa mtu kukaa wiki nzima, hata mwezi, kwamba mtu akiondoka mapema atajuta maisha yake yote, na kwamba hakuna atakayemlaumu akibaki. Akanikumbatia. Akasema, "Lennart, we ndugu yangu kabisa, sitakuacha uende Praha peke yako."

Mbinu imegonga ukuta. Nimeamua kutegemea kitabu. Nimechagua cha mashairi, chembamba, ili kisionekane kama najitahidi. Jina la kitabu lielekee nje.

Alhamisi, 16 Oktoba, Praha

Naandika hotelini, nimevaa soksi za Bibi kwa sababu zangu zote zimelowa.

Nilikuwa darajani tangu asubuhi. Kitabu mkononi, jina nje. Mvua ya rasharasha. Kurasa zikaanza kuvimba. Niliinua macho taratibu kila alipopita msichana mwenye nywele nyekundu kama za Jorinde. Mmoja alikuwa mama mtu mzima, akanipa hela akidhani naombaomba. Nikamshukuru. Sikujua nifanye nini kingine.

Thilo alikuwa hatua chache kutoka kwangu akiimba. Wanamuziki wengine hawakuwapo hata mmoja. Akasema kwa furaha kwamba basi daraja zima ni lake.

Mchana ukapita. Bibi akaja na mwavuli, akasema atanirudisha Münster ndani ya sanduku la barafu nikiendelea hivi. Fenja akanitazama usoni, akatazama kitabu, akatazama nywele nyekundu zilizokuwa zinapita. Akasema, "Haa! Ni *Jorinde*!"

Nikasema Jorinde gani.

Tayari alikuwa amempigia; namba anayo tangu Jorinde alipokuwa Münster. Fenja hana aibu, hata tone. Akaweka spika, daraja zima likasikia. Jorinde alijibu kwa kunong'ona:

"Fenja? Kuna nini? Niko darasani!"

Darasani. Alhamisi. Ya likizo.

Fenja akamweleza kwamba kaka yake ameloa mpaka mifupani akimsubiri kwa bahati. Ndivyo alivyosema, *akimsubiri kwa bahati*. Kisha Jorinde akasema huko Bavaria bado wanasoma, likizo yao ya vuli ni Novemba, wiki ya baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote, wiki moja tu. Ina Alhamisi moja. Akauliza, "Lennart, kwa nini hukuniuliza tu?" Nilikuwa na jibu zuri sana. Lilinijia baada ya chakula cha usiku.

Halafu akauliza ni nani huyo anayeimba.

Thilo akaichukua simu. Akamwuliza anakuja lini. Hivyo tu! Anakuja lini, saa ngapi, upande gani wa daraja. Akasema anaidai bekari siku kadhaa za mapumziko, basi atarudi Novemba, kwani daraja limempenda. Jorinde akacheka. Mwalimu akasikika akiuliza nani anacheka.

Kurudi hotelini, Bibi akanikausha kichwa kwa taulo kama anayeng'oa jino. "Nilikwambia mezani," akasema. "Siku nilipotimiza sabini. Kila jimbo lina likizo yake, na Bavaria wanakuja nyuma ya wote. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa darajani, Bibi. Tangu siku ile.

Jumapili, 9 Novemba

Vienna sikuandika. Budapest sikuandika. Fenja alicheza drafti ndani ya maji ya moto na mzee mmoja, akamshinda.

Leo Thilo amerudi kutoka Praha, akaja moja kwa moja kwenye keki ya Bibi. Anasema kwaya iliimba vizuri. Anasema Jorinde ananisalimu na anatumaini mafua yamepona. Anasema pia amejifunza wimbo wa tatu. Sikuuliza unahusu nini. Una neno Regensburg ndani yake, mara kadhaa.

Nilikaa nikiwaza kwamba yamekwisha. Chumba kimekwenda, baiskeli imekwenda, kitabu cha mashairi kimevimba kama mkate. Ndipo Thilo akasema, mdomo umejaa, kwamba Jorinde amesema wao Pentekoste wana likizo ya wiki mbili, na kwamba njooni.

Njooni! Thilo anadhani ni wingi. Mimi nasoma vitabu, najua wingi wa heshima nikiuona.

Wiki mbili! Mtu anaweza kufanya mengi. Verona, Ljubljana, Salzburg, kisha Regensburg mwishoni, kwenye lile daraja lao la mawe, jioni, kwa bahati. Mwishoni mwa safari nitakuwa nimechomwa kidogo na jua. Siku yenyewe nitaikisia. Kumwuliza itakuwa kuharibu.

Nilipoutangaza mpango mezani, Bibi aliweka kikombe chini. Akaanza, "Lennart, mjukuu wangu, sikiliza vizuri, Pentekoste huku kwetu shule hazi..."

Nikamwomba anipitishie krimu. Bibi na watu wake wa Bavaria! Pentekoste ni Pentekoste.

Wote wakanitazama. Kisha Fenja akanitabasamia kwa upole wa kutisha, akauliza kama kile kitanda changu bado nakihitaji.