Kaseti ya Ljerka Katika Kipindi cha Salamu

Alhamisi, 12 Novemba

Daftari mpendwa, pokea salamu zangu pamoja na heshima zote. Niwie radhi kwa kukuacha kwenye droo tangu tumzike Ljerka. Sikuwa na neno la kustahili kurasa zako. Leo ninalo.

Nimeipata kaseti! Ilikuwa katika chumba cha chini, nyuma ya pipa la kabichi chachu. Juu yake mwandiko wa mke wangu: “Vjeko, siku ya kuzaliwa.” Ndiyo ile programu aliyonitungia kwenye kompyuta yake ujanani, ikapotea kabla sijaiona; enzi zile programu zilihifadhiwa kwenye kaseti kama mlio. Aliitafuta nyumba nzima, kisha akanuna. Hakupata kunieleza ndani mna nini. Nami sikudadisi, mimi nilifundisha Kilatini; hesabu na mashine zilikuwa zake.

Kompyuta ingali kabatini na inawaka. Nimeiunganisha na kinasa sauti. Kaseti ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kompyuta ikaandika kwamba kuna kosa. Nikaiomba radhi, nikarudia. Kosa. Ukanda umeota ukungu na unanuka kabichi.

Bwana Habulin wa ghorofa ya juu, fundi mstaafu wa reli, ana mashine bora kuliko zote mjini. Simwombi! Ndiye aliyemfundisha Ljerka kwenye klabu ya kompyuta, na hadi leo hunikumbusha kwenye ngazi kwamba kichwa kile cha uhandisi kiliishia kunipikia supu. Nikimpa kaseti, ataisoma kabla yangu. Neno la mwisho la mke wangu, likapitie kwanza machoni pa Habulin? Hata kidogo.

Ijumaa, 13 Novemba

Kuna skrubu ndogo ndani ya kinasa sauti; zamani Ljerka alikuwa akiizungusha hadi sauti iwe kali, ndipo kompyuta iielewe. Nimeizungusha kulia. Sauti ikakwama kooni. Nimeizungusha kushoto. Skrubu ikaanguka chini ya jiko.

Nikiwa nimepiga magoti kuitafuta, kaseti bado inapiga mayowe, Habulin akagonga. Akauliza ni nani anayechinja nguruwe siku ya Ijumaa bila kualika majirani. Nikamjibu kwa heshima, mlango ukiwa umefungwa, kwamba ni redio tu. “Basi iitie padri, Profesa,” akasema. “Inakata roho hiyo!”

Sikucheka. Alipoondoka nilicheka kidogo.

Jumamosi, 14 Novemba

Mpango mkubwa! Zamani redio zilirusha programu za kompyuta hewani, watu wakazinasa nyumbani. Mtangazaji alisema tuandae kaseti, na nyumba nzima ikanyamaza. Hata mlango haukubamizwa. Basi redio yetu ya mji ina kipindi cha salamu kila Jumapili wakati wa chakula cha mchana. Mitambo yao ni mizuri. Wao watapiga, mimi nitanasa upya, na Habulin hatajua.

Nimefuta ukungu kwa pombe ya plamu. Iliyobaki nimeinywa, kumwaga ni dhambi. Kisha nimeipeleka kaseti redioni. Binti wa mapokezi akauliza, babu, wimbo huu ni wa aina gani? Nikasema ni wa kisasa. Akauliza salamu zimetoka kwa nani. Sikujiandaa kwa swali hilo. Nikasema: kwa Vjeko, kutoka kwa Ljerka.

Jumapili, 15 Novemba

Ole wangu!

Nilikiweka kinasa sauti nilichoazima kwa kwaya ya kanisa mbele ya redio, kipaza sauti kikiigusa kabisa. Mtangazaji akasoma: kwa Vjeko, kutoka kwa Ljerka. Nikasimama bila kujua kwa nini. Kisha mlio. Safi! Mkali! Sijapata kusikia mlio mtamu hivyo.

Ndipo kengele za adhuhuri zikalia. Nimelelewa shuleni na mapadri Wafransisko. Mikono ikajikunja yenyewe, nikasali “Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria,” yote, kwa sauti, hadi amina.

Kinasa sauti kimenasa sala nzuri sana. Programu iko chini yake, inanung'unika. Kompyuta imekataa.

Na juu kwa Habulin kimya kizito. Kimya cha mtu anayenasa. Yeye hunasa kwa waya moja kwa moja kutoka redioni, wala hasali.

Jumatatu, 16 Novemba

Habulin amekuja akiwa na kandambili miguuni na mashine kwapani. “Profesa, mkeo amesalimia watu redioni. Nikadhani nimekufa, nimefika kwao!”

Amekiri kwamba aliinasa yote na kuipakia. Kioo cha kompyuta kikamuuliza jina. Akaandika la kwake. Kikamjibu: HABULIN, RUDI KWAKO.

“Alinijua yule mwanamke,” akasema. Akazima hapo hapo, akanibebea.

Tumeiunganisha. Nikaandika jina langu kwa kidole kimoja. Ikaniuliza: VJEKO, UMEKOSA NINI LEO? Nikaandika kwamba naomba radhi, nimechelewa mno. Ikajibu: NIMESAMEHE. KETI ULE.

Nikaandika kosa jingine. NIMESAMEHE. KETI ULE. Nikaandika yote, hata yale ya siku zake za mwisho hospitalini. Jibu lile lile. Habulin akasema supu inaungua, akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu. Jikoni hapakuwa na supu.

Akiondoka alinishika bega: siku nyingine nigonge tu, ngazi haziumi.

Jumanne, 17 Novemba

Nimeichukua kaseti redioni. Upande wa pili nao unalia!

Habulin ameonyesha utu mkubwa. Ndiyo sababu haifai kabisa kumsumbua tena. Isitoshe, huenda upande huu una neno lisilomhusu. Nimewaandikia redio waupige Jumapili ijayo, kama salamu za Shangazi Eufemija kwa mwana wake wa ubatizo. Hakuna atakayeshuku. Kipaza sauti nimekiweka pale pale, na safari hii nitasali kwa sauti ya chini.

Barua hiyo pamoja na kaseti vitapelekwa na Bwana Habulin, ambaye kesho ana safari ya upande wa redioni. Bahasha nimeifunga kwa gundi. Ameahidi kutouliza, ingawa aliipeleka puani, akanusa kabichi, akanitazama kwa huruma nyingi.