Kestrel ya Nne

Jumatatu, 6 Julai 1998
Habari njema! Kestrel ya Bibi Pargeter wa Nuneaton imefeli ukaguzi. Breki. Mungu anisamehe, nilicheka hadi chai ikanitokea puani.

Nieleze, wajukuu wasije wakaniona mchawi. Chama chetu cha Magari Yaliyokataliwa hutoa kikombe kila Julai kwa mwenye gari la aina iliyobakiwa na magari machache zaidi barabarani yenye cheti halali cha ukaguzi. Mwaka jana Halberd Kestrel, gari la roho yangu, zilikuwa nne nchi nzima. Tamworth Duke, gari la Trevor Mudge, nne vilevile. Ikiwa sare, kikombe hubaki kwa mwenye nacho. Mudge anacho mwaka wa tatu. Amekiweka dirishani, kinanitazama kila niendapo kununua gazeti.

Sasa Kestrel ni tatu! Mradi bibi asiitengeneze kabla ya maonyesho ya chama Jumamosi.

Jumanne, 7 Julai
Mpango: kumshawishi Bibi Pargeter aigeuze Kestrel yake banda la kuku. Nimechora ramani. Kuku watatu mbele, watano nyuma, mayai kwenye buti. Mke wangu Doreen kauliza kama sina haya, kumwonea mjane. Nikasema ni kwa heshima ya Kestrel. Akanijibu, "Len, gari hilo halina heshima, lina kutu." Maneno ya mtu asiyejua mapenzi. (Tuna miaka ishirini na sita ya ndoa.)

Jumatano, 8 Julai
Nuneaton. Mvua. Bibi, miaka sabini na tisa, alinisikiliza kwa adabu, akanikatia keki, akasema anaogopa kuku. Kisha akafungua gereji.

Lo! Rangi ya haradali! Milango inafungwa kwa mlio uleule wa sufuria. Taa zake hujificha ndani ya boneti hadi uziwashe: ya kushoto inafumbuka. Ya kulia, baada ya kutafakari kidogo, inafuata. Mwaka 1974 wateja waliona gari chongo, wakaenda kununua mengine, na kiwanda kikafa. Mimi naona linanikonyeza. Ukipenda, chongo huita kengeza. Majasiri waliounda kitu hiki! Nani mwingine angefikiria kuweka kishikio cha kikombe cha chai juu ya usukani?

Bibi akasema marehemu mumewe alipolileta jipya, majirani walicheka wiki nzima. Akaliosha kila Jumapili mpaka alipofariki.

Nikatazama bomba la breki. Kutazama si kutengeneza.

Alhamisi, 9 Julai
Nilikuwa nikiliwaza bomba lile hadi nikaunguza mkate. Nimerudi Nuneaton, nikamwekea bomba langu la akiba. Lakini bila cheti haihesabiwi! Nikamshauri bibi asijisumbue na ukaguzi hadi Agosti, mafundi wote wako likizo. Akaniita mwanangu. Nina miaka hamsini na tatu. Niliona aibu kama dakika nne hivi.

Jumamosi, 11 Julai
Maonyesho. Viti vya kukunja, chupa za chai, boneti wazi. Hotuba yangu ya ushindi mfukoni.

Saa tano, mlio wa sufuria. Kestrel ya haradali! Bibi Pargeter akashuka na kofia ya harusini, cheti cha jana mkononi. Fundi wa mtaani kwake, kumbe, haendi likizo. Akamnyang'anya mwenyekiti kipaza sauti, akatangaza kwamba uwanjani humu mna mwana mwema aliyemtengenezea breki bure, anaitwa Leonard Sproston. Makofi! Mudge alipiga kuliko wote. Nne kwa nne. Alipopita na kikombe aliniinamia sikioni: "Len bwana, peke yangu nisingeweza."

Lakini Kestrel mbili zimepangana! Taa nne zikifumbuka moja moja, watu wamesimama foleni kuziona, wale wale waliozikataa! Doreen akasema macho yangu yana maji. Nikamwambia ni petroli.

Jumapili, 12 Julai
Nimejifunza. Mwakani, moyo wa jiwe. Sigusi Kestrel isiyo yangu. Nne zikipungua moja tu, kikombe changu.

Adhuhuri kapiga simu mkulima wa Ludlow. Ana Kestrel ghalani, chini ya majani makavu, tangu 1981. Ya kijani! Kesho nakwenda. Kuitazama tu.

Doreen kauliza mbona basi nimepakia jeki, spana na bomba la breki. Nimemwambia ni uzito wa buti, gari lisiyumbe.