Yah: Kumwondoa Binti Yangu Darasa la Sauti

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kulea watoto wa watu. Mimi ni baba wa yule binti mrefu wa mwaka wa pili, idara ya sauti, ambaye wenzake wanamwita Sikio. Kazi yangu ni udalali: nanadi fanicha kuukuu mnadani, na koo langu ndilo linalotulisha nyumbani. Likizo nzima nimevumilia, lakini sasa yamenifika hapa. Chuo kinafunguliwa Jumatatu, na kabla mtoto hajafunga begi naomba tuelewane. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtoto anarekodi ukimya. Sitanii. Siku aliyofika alichomoa friji, akatoa betri ya saa ya ukutani, akatuamuru sote tusimame sebuleni bila kupumua kwa nguvu, eti kila chumba kina ukimya wake na wa kwetu anauhitaji. Mama yake alikuwa na kijiko mdomoni. Tulisimama, mheshimiwa, kama watu waliofumaniwa. Alipomaliza alitushukuru, akasema tumetoka vizuri, ila tumbo la baba limeingilia. Friji akasahau kuirudisha kwenye umeme, maziwa yakaganda.

2. Mboga. Kumbe kwenye filamu mtu akivunjwa mkono, kinachovunjika ni karoti! Na ngumi za tumbo ni kabichi. Alijifungia jikoni akaitwanga kabichi ya watu mpaka ikaomba msamaha, na jioni tukaketi mezani kula ugomvi mzima.

3. Hili ndilo lililoniuma. Kipaza sauti changu cha mnadani kilikuwa kinakoroma tangu nikinunue, na sisi wawili tulielewana. Bei wateja waliisikia. Maelezo hawakuyasikia. Mimi nilikuwa nasema kila kitu, Mungu ni shahidi yangu: kwamba kabati limeliwa na mchwa nyuma, kwamba mguu wa meza ni wa meza nyingine. Sijamficha mtu. Kipaza sauti ndicho kilichokuwa kinaficha. Basi binti yako (nasema yako, kwa kuwa ni ninyi mliomfundisha) akaja kunisaidia bila kuombwa, akakaza nyaya, akageuzageuza vitufe, na nilipotamka neno “mchwa” lilisikika mpaka kwa kinyozi ng'ambo ya barabara. Siku ile nilirudi nyumbani na makabati yangu yote. Naye akaniuliza, uso umejaa furaha, kama nimeona tofauti.

4. Ajira. Nimemuuliza atafanya kazi wapi, akanitajia redio, filamu, matangazo, kumbi za mikutano, hata michezo ya kwenye simu. Haya, kazi zipo. Lakini anasema mwenyewe kwamba fundi sauti akifanya kazi vizuri, hakuna anayejua kama yupo. Jamani! Sasa mimi nitajisifia nini? Filamu ya kwanza aliyoshiriki tulikwenda kuitazama ukoo mzima. Jina lake lilikuja mwisho kabisa, baada ya la mpishi, kwa herufi za kuchungulia, na watu walikuwa wameshainuka. Mimi nilisoma mgongo wa shemeji. Mtoto wa shemeji ni daktari wa meno, ana bango.

Kwa hiyo ninaomba mumfundishe kukosea. Kila filamu, angalau mara moja, mlango ufungwe kwanza na kishindo kije baadaye, ukumbi mzima ugeuke kuuliza nani kafanya upuuzi huu, nami nisimame niseme ni binti yangu. Mkiona hilo haliwezekani, basi natamka rasmi kwamba namtoa chuoni kwenu. Atasomea upimaji wa ardhi, asimame katikati ya barabara kila mtu amwone.

Nisalimie walimu wote, makarani, mlinzi wa getini na yeyote atakayekusaidia kusoma mwandiko huu.

Wako katika masikitiko, na kwa heshima zote,
Baba Sikio, dalali.

Nyongeza: Mama watoto amesema mwandiko wangu hausomeki, nikutumie na sauti. Binti ndiye aliyenirekodi. Sikumwambia barua inahusu nini. Alivaa hedifoni, akasikiliza malalamiko yote bila kukunja uso, ila penye “namtoa chuoni” akanisimamisha. Akasema kwa adabu ya kazi kwamba sauti imetetemeka hapo, ninywe maji nirudie. Nikarudia. Akasema bado. Mara ya tatu, mheshimiwa, mimi ninayeuza vitanda kwa kupiga kelele toka asubuhi, sauti haikutoka kabisa. Mwanangu akainamia mashine yake asinione. Sina namna ya kuisema sentensi ile. Mwacheni mtoto asome.