Bibi Harusi na Kilo Nne za Vitunguu Saumu

Jumatatu, 20 Novemba

Siku ya arobaini na moja ya ndoa. Bado nikiamka namtazama Gyusik amelala na kujiuliza nilifanya wema gani. Kope zake! Mwanamume hana haki ya kuwa na kope zile.

Lakini leo nina hasira. Mume wangu anaendesha kreni ndefu kwenye ujenzi wa maghorofa, upande wa pili wa Suncheon. Asubuhi anapanda ngazi hadi kibandani, mita sitini juu, na anashuka saa sita kula. Choo kule juu hakuna. Wiki iliyopita alishuka mara mbili kabla ya wakati, ameshika tumbo. Huku chini watu ishirini wamesimama na zege linaanza kushika kwenye lori. Leo fomeni Bae amemwambia akishuka tena kabla ya saa sita, kiti kinapata mwingine. Na akamuuliza, mbele za watu, kama kreni anaiendesha yeye au tumbo ndilo linalomwendesha.

Mume wangu! Aliyekitamani kiti kile tangu ana miaka tisa!

Daktari amesema utumbo wake ni mwepesi wa kukasirika. Si kidonda, si ugonjwa wa kuua. Amempa karatasi ya mlo unaoitwa FODMAP ndogo: wiki sita aache vyakula vinavyochacha tumboni na kujaza gesi, kisha arudishe kimoja kimoja hadi mkosaji ajulikane. Nimesoma. Kitunguu maji, hapana. Maharage, hapana. Tambi za ngano, hapana. Kitunguu saumu, hapana. Mstari huo nimeurudia mara tatu. Sisi hata uji wa mgonjwa tunautia saumu. Aliyeandika karatasi hii hana mama mkwe.

Nimeingia jikoni. Nimekaanga punje za saumu kwenye mafuta, zilipogeuka rangi nikazitupa zote. Kumbe ule ubaya hauyeyuki kwenye mafuta. Harufu inabaki, uchokozi unatoka na punje. Kwa mafuta hayo nimekaanga mayai na spinachi, nikachoma samaki na kumwagia juu majani mabichi ya vitunguu, ile sehemu ya kijani tu, nyeupe ni marufuku. Gyusik amekula bakuli tatu za wali. Amesema ni kitamu kuliko cha mama yake. Naandika hapa ili siku moja nimkumbushe mbele ya mashahidi.

Jumatano, 22 Novemba

Tumbo la Gyusik leo limenguruma juu ya mji mzima. Alijikaza hadi saa sita akiwa amekunja miguu na kuimba. Kosa si langu. Nilimtilia asali kwenye chai ya tangawizi, kwa mapenzi, vijiko vitatu. Asali haimo kwenye karatasi. Gyusik akanionyesha kwamba imo, ukurasa wa pili. Nani anaficha mambo mazito ukurasa wa pili?

Halafu simu ya Mama, mkwe wangu. Jumamosi ni siku ya kutengeneza kimchi ya mwaka, ile kabichi ya kuchachua na pilipili, vichwa themanini, twende kwake Gokseong bila kukosa. Wifi Miran akaichukua simu na kumkumbusha bibi harusi aje na aproni yake na glavu zake, na zile kucha za rangi aziache mjini. Kucha zangu zimemkosea nini?

Gyusik alitaka amwambie mama yake ukweli. Nimemkataza. Bibi harusi wa siku arobaini na tatu aje aseme saumu ya mkwewe inamtesa mwanawe? Watasema alikuwa mzima hadi alipooa. Hapana. Nina mpango.

Alhamisi, 23 Novemba

Nimemwomba muuza mboga wa sokoni majani ya kijani ya vitunguu, bila vitunguu. Akaniambia, "Dada, hayo tunayatupa," akanipa gunia zima bure na kuniangalia kwa huruma kama nimefukuzwa nyumbani. Gunia liko kwenye beseni la kuogea.

Mpango ni huu. Wakati wote wamezunguka beseni kubwa la Mama, mimi nitakuwa stoo na beseni langu dogo: pilipili, figili, tangawizi, mchuzi wa dagaa waliochacha, na majani yangu. Saumu hata punje. Nitajaza boksi moja la Gyusik, na hadi wiki sita ziishe sitakuwa nimemkwaza mtu yeyote.

Gyusik amerudi mtulivu sana. Anapiga mluzi. Nimemuuliza ana nini, akasema hana wasiwasi tena. Ananiamini! Nimemkumbatia hadi akaomba pumzi.

Jumamosi, 25 Novemba

Mgongo umekufa. Acha niandike kwa mpangilio.

Tumefika saa mbili asubuhi. Kabichi zimeshalala kwenye chumvi na kuoshwa, zimepangwa uani kama watoto wa shule. Katikati beseni jekundu la kuweza kuoga ndani yake. Mama anachanganya kwa mikono miwili: pilipili, figili, peasi za kukwangua ili pawe na utamu, na saumu kilo nne. Zote zimemenywa na wifi Miran, ambaye amelitaja jambo hilo mara tano. Mama kanipokea vizuri, kanishika mashavu kwa glavu za pilipili. Nimelia kidogo, si kwa hisia.

Na mara hatari. Mama akachuma jani la katikati ya kabichi, akalikunja na viungo vyake, akanyoosha mkono kuelekea kinywa cha Gyusik. Hivyo ndivyo mama wa hapa anavyompenda mwanawe siku ya kimchi, na kinywa hakikatai. Nikaruka mbele na kufungua changu. "Mama, nianze mimi!" Akanilisha. Akakunja lingine, nikaruka tena. Nimekula majani kumi na moja. Wifi Miran akauliza, "Wifi, kwani kwenu hamkuwa mnalishwa?" Jirani mmoja mzee akasema, "Mwacheni. Hiyo si njaa, hiyo ni mgeni anakuja." Mama akalitazama tumbo langu, akafuta macho. Nilishindwa kukanusha, kinywa kilikuwa kimejaa.

Baadaye nikachomoka hadi stoo. Beseni langu likaenda vizuri, rangi nzuri, harufu ya tangawizi. Nilipokuwa karibu kumaliza wakaniita kula nyama ya nguruwe ya kuchemsha. Ningekataa wangeshuku. Nikalifunika beseni na kitambaa, nikaenda kula, nikarudi, likaniongojea kama nilivyoliacha. Nikajaza boksi langu.

Wakati wa kuondoka Mama akatupa maboksi sita, na la saba limefungwa kitambaa cha bluu. Akaniambia hilo limetengenezwa kwa namna yake, Gyusik ale hilo kwanza. Akakonyeza. Nilielewa mara moja. Saumu mara mbili, ya kumtia nguvu baba mtarajiwa! Nikashukuru kwa kuinama hadi kiunoni, kisha walipokuwa wakiagana nikalisukuma boksi la bluu kwenye buti ya gari la wifi Miran. Nusu mpango, nusu zawadi. Mimi si mchoyo.

Jumapili, 26 Novemba

Chakula cha mchana cha ndoto. Wali, tofu ngumu ya kukaanga, supu ya machipukizi ya soya, na kimchi yangu. Kwetu kimchi siku ya pili bado ni mbichi, tamu, inalia mdomoni. Gyusik amekula sahani mbili. Akasema ina nguvu kama ya nyumbani kabisa, haamini haina saumu. Nikamwongezea wali kwa unyenyekevu. Najivunia nilivyo mnyenyekevu.

Jumatatu, 27 Novemba

Saa nne asubuhi nilikuwa nimesimama ng'ambo ya ujenzi na chupa ya maji, nikimtazama mume wangu kule juu. Huwa naenda tu, kumtazama. Kreni ikasimama. Mlango wa kibanda ukafunguka. Kitu kidogo cheusi kikaanza kushuka ngazi, haraka, kinasimama, kinashuka. Niliijua miguu ile. Huku chini fomeni Bae alikuwa amekunja mikono na kuangalia saa.

Amempa kiti mtu mwingine. Gyusik wangu sasa anaendesha kikreni cha rimoti, anasimama nacho chini kama mtoto na gari lake la kuchezea. Ni hatua saba kutoka chooni. Bae alizihesabu kwa sauti.

Jioni wifi Miran akapiga simu. Anauliza boksi la bluu limefikaje kwenye buti yake. Watoto wameshamaliza nusu, tamu sana, ila halina saumu kabisa. Halafu, kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaniambia nisione aibu. "Nilionja beseni lako kule stoo, wifi. Nikakuonea huruma. Nikatia viganja viwili vya saumu kabla Mama hajajua, sikumwambia mtu. Wanawake tusitiriane."

Nimekaa chini jikoni. Gyusik akakaa pembeni yangu na kukiri. Alimpigia mama yake simu Alhamisi, akiwa juu ya kreni, akamweleza kila kitu. Mama hakukasirika. Alimtengenezea boksi la peke yake, bila saumu, bila kitunguu maji, hata peasi hakutia, sijui peasi ilikosa nini. Na mimi hakuniambia kwa sababu nilimkataza; Jumapili alidhani anakula hilo la bluu.

Kwa hiyo mama alijua. Mwana alijua. Wifi ana viganja vya saumu mfukoni. Mtu pekee asiyeambiwa kitu katika ukoo huu ni mimi, ninayefanya kazi yote kwa siri!

Alhamisi, 30 Novemba

Jana Mama alikuja kwa basi, boksi jipya mapajani, kitambaa kilekile cha bluu. Akanikalisha. Akasema mwanawe ni mwanawe hata na tumbo baya, na baba yake marehemu alikuwa vilevile. "Mwanangu, ukitaka kitu kwangu, sema. Usiniibie stoo yangu." Nikalia, nikaahidi, nikamwambia pia kuhusu mimba ambayo haipo. Akanipigapiga mgongoni na kusema itakuja, tuanze na tumbo la mwanawe.

Na habari njema! Gyusik amepeleka barua ya daktari. Kesho anapewa asubuhi moja kule juu. Akikaa hadi saa sita, kiti ni chake. Akishuka, basi tena, rimoti hadi jengo liishe. Siku tatu amekula kama karatasi inavyotaka, tumbo kimya. Ila ana wasiwasi, koo limekauka, anakohoa.

Anastahili kitu kitamu. Nimekumbuka alichonifanyia bibi yangu nikikohoa: peasi kubwa, imetobolewa katikati, imechemshwa na tangawizi hadi imetoa maji yake matamu. Nimechemsha tatu. Nimeyajaza maji yote kwenye chupa yake ya chai, anywe kule juu taratibu, ashangae. Gyusik sijamwambia, itakuwa sapraizi. Mama naye nisimsumbue, ameshachoka na safari. Ile karatasi ya daktari Gyusik ameikunja kwenye pochi yake pamoja na ule ukurasa wa pili, sikutaka kumwomba akashuku.

Asali sikutia hata tone. Mtu hujifunza.